Ua Lililobaki Kwenye Rejeta

Pikapu ilikuwa imeoshwa. Haikumwagiwa maji tu. Ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, vioo vinameta kama meno ya bwana harusi. Kobe alisimama uani mwa kituo cha polisi, mikono kiunoni, akaitazama kama mtu anayetazama nguo zake zikiungua.

"Nani kaiosha hii gari?"

Askari wa zamu alijinyoosha kwa fahari. "Mimi, afande. Amri ya Mkuu. Gari yoyote inayoingia uani ioshwe. Hataki kuona vumbi."

"Hii ni gari ya ushahidi."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana nimeiosha mara mbili."

Kobe aliizunguka pikapu. Jina hilo la Kobe alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na kwa sababu alipoona jambo la kumtia shaka shingo yake ndefu ilitoka kwenye kola taratibu ikasimama hapo. Sasa ilikuwa imetoka yote.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Mfuga nyuki mmoja alikuwa ametoweka. Yeye, pikipiki yake, na mizinga yote iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Mtu wa mwisho kuonekana naye alikuwa shemeji yake, fundi magari aliyeitwa Spana, mume wa dada yake. Majirani waliwasikia usiku wakigombana, Spana akifoka, "Iko siku nitakumaliza, wewe na hao nyuki wako!" Kesho yake Spana alifungua gereji jicho moja limevimba hadi limefunga. Alipoulizwa kuhusu jicho, alisema kagongwa na bomba la moshi. Alipoulizwa kuhusu pikapu yake, alisema haijatoka mjini. Mle gerejini mlijaa vipande vya pikipiki, kama ilivyo kwenye gereji yoyote, na Mkuu wa kituo alipoviona alipiga makofi.

"Pikipiki ya marehemu hiyo hapo. Imechinjwa."

"Marehemu hatujampata bado, Mkuu."

"Tutampata. Watu wanachimba."

Walikuwa wakichimba kwenye machimbo ya zamani ya chumvi, nje kidogo ya mji. Mkuu aliamini kwamba mtu mwenye maiti, mwenye pikapu na mwenye haraka, hawezi kwenda kwingine.

Kobe alichukua bisibisi. Kuosha gari ni sawa na mtu kunawa uso. Masikio hubaki vilevile. Alifungua boneti, akalegeza wavu wa mbele, akaung'oa. Nyuma yake, rejeta ilikuwa imeziba. Maji na sabuni havikufika hapo. Kulikuwa na majani manene yaliyokauka, maua madogo yaliyobanwa kwenye matundu kama yaliyopigwa pasi, na nyuki waliokufa, wengi. Nyuki hawakumshangaza, kila gari hubeba wadudu wake. Lakini mjini kote, tangu mvua ya mwaka juzi, hakukuwa na ua lolote ila la plastiki kwenye meza za benki.

Akavitoa kimoja kimoja kwa kibano, akavitia kwenye bahasha.

Kwenye benchi mbele ya kaunta alikaa mke wa Spana. Dada wa aliyepotea, mke wa aliyekamatwa. Alikuwa katikati, kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Kobe alipopita alisimama.

"Afande, umepata nini?"

"Majani, dada."

"Majani." Alirudia kama mtu aliyeomba mkate akapewa jiwe. "Nikuambie kitu? Mkimkuta kaka yangu kafa, mmeniua mara mbili. Nitamlilia kaka, halafu nani atanishika bega? Huyo mnayesema kamuua?"

Kobe hakuwa mtu wa kusema ilimradi kasema. Alitikisa kichwa, akatoka.

*

Mwalimu wa mimea pale chuoni aliitwa Mama Lenzi, kwa sababu ya kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kama filimbi ya refa. Chumba chake kilinuka kafuri na karatasi kuukuu. Kuta zote zilikuwa makabati ya chuma, na ndani ya makabati hayo kulikuwa na mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, mmoja mmoja, mizizi hadi ua, kama watu waliolala.

"Usiegemee hapo, Inspekta. Hilo kabati ni la waliotangulia. Wengine humo hawaoti tena popote duniani."

Kobe aliondoa bega lake haraka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama Lenzi alimimina vya kwenye bahasha juu ya karatasi nyeupe. Alichukua jani, akaliinua kwenye mwanga, akaliweka chini ya hadubini, akazungusha gurudumu kidogo. Kisha akasogea pembeni.

"Tazama."

Kobe aliinama. Alitarajia kuona kitu cha kijani. Alichokiona kilikuwa shanga. Jani lote, hata likiwa limekauka, lilikuwa limefunikwa kwa vifuko vidogo vya kioo, vimepangwa bega kwa bega, na vichache ambavyo havikupasuka vilikuwa bado na maji ndani yake. Kwenye kila kifuko kilichokuwa kizima aliliona dirisha la chumba, dogo, likiwa limepinduka juu chini.

Hakuinua kichwa mara moja. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo pembeni mwa jangwa, akiliita kaburi la Mungu, na kumbe kulikuwa na kitu humo kinachotembea na maji yake mwenyewe kwenye ngozi.

"Linakunywa usiku," Mama Lenzi alisema, "linafunga mlango mchana. Mimea mingi hupumua jua likiwaka. Huu unajua jua ni nani."

"Unaota wapi?"

"Penye chumvi. Karibu zaidi ni pale machimboni."

Shingo ya Kobe ilirudi ndani ya kola. Basi Mkuu alikuwa sahihi. Pikapu ilikwenda machimboni, na aliyesema haikutoka mjini alikuwa ameificha safari ya kaburi. Alikumbuka yule mama kwenye benchi, akaanza kukusanya bahasha.

"Unakwenda wapi?" Mama Lenzi aliuliza.

"Umeshaniambia, mwalimu. Machimboni."

"Nimekuambia jani. Jani hukupa ukoo, baba. Ua ndilo hukupa mtu mwenyewe. Wewe ukiona pua ya mtu mlangoni unamfunga pingu?"

"Inategemea pua."

Mama Lenzi alicheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Alichemsha maji kwenye birika, akamimina kwenye bakuli jeupe, akatia tone la sabuni ya vyombo. Kisha akachagua ua moja, kavu, bapa, rangi ya karatasi ya chai, akalidondosha.

Kwa muda halikufanya kitu. Lilielea kama uchafu. Kobe alikuwa anataka kusema neno pale ukingo mmoja ulipotikisika. Petali moja ikanyooka. Ikafuata ya pili, ya tatu, nyembamba kama nyuzi, nyingi mno, zikijitenga moja moja kama mtu anayeamka na kunyoosha vidole. Rangi ilirudi. Nyeupe kwanza, halafu chini kabisa, kwenye moyo wa ua, ikatoka manjano, changa, safi, kama ya kiini cha yai. Mwisho ua lote lilikaa juu ya maji, limefunguka, likawatazama.

"Subhana," Kobe alisema chini kwa chini, bila kujua kama amesema.

"Kila mara," Mama Lenzi alisema. "Miaka yote nimefanya hivi, na kila mara nasahau kupumua."

Alilisogeza chini ya kioo chake na kulipekua kwa sindano. Hapo sura yake ilibadilika. Alitoka, akafungua kabati moja, akarudi na karatasi mbili ngumu, akaziweka kando ya bakuli.

"Njoo. Huu wa kushoto ni wa machimboni. Hesabu ncha za katikati, hapo panapopokea chavua, ule unga wa ua."

"Nne."

"Na moyo wake?"

"Mweupe mtupu."

"Sasa hesabu kwenye bakuli."

Kobe alihesabu, akahesabu tena. "Tano. Na moyo wa manjano. Kama huu wa kulia."

"Ndugu wa tumbo moja, lakini hawaishi nyumba moja. Wa machimboni ni wa chumvi. Huu ni wa jasi, ule udongo mweupe kama chaki. Nimeukuta mahali pamoja tu maishani mwangu: uwanda mweupe, ng'ambo ya vile vilima, mwendo wa saa tatu kwa gari. Tena si kila mwaka. Mbegu zinaweza kulala mpaka mtu azisahau. Mvua ikinyesha mara moja, zinaamka zote pamoja."

"Mvua haijanyesha."

"Hapa haijanyesha. Mwezi uliopita hukuona radi nyuma ya vilima?"

Kobe aliziona. Mji mzima uliziona, ukalaani, ukaenda kulala. Alivuta kiti, akakaa. Sasa aliuliza kwa utaratibu, kama anavyouliza mashahidi.

"Aliyekuwa akiendesha alipita kwenye maua haya usiku au mchana?"

"Hilo ndilo swali la polisi?"

"Mkuu anasema mtu kauawa usiku na kubebwa usiku."

Mama Lenzi alichukua ua jingine, kavu bado, akalipitisha chini ya lenzi. "Haya hufunga jua likishuka. Yakifunga, petali hukunjamana kama ngumi, na ukiyakausha hivyo makunyanzi hayatoki. Haya hayana kunyanzi hata moja. Yote. Yalibanwa na kukaushwa na joto la injini yakiwa wazi. Ilikuwa mchana wa jua kali."

Na mchana ule, siku nzima, Spana alikuwa chini ya lori la mchanga akishusha injini, wateja wawili wamekaa juu ya matairi wakimtukana kwa kuchelewa. Hilo Kobe alikuwa amelithibitisha yeye mwenyewe. Hivyo pikapu ilikwenda jangwani, lakini mwenye pikapu hakwenda.

"Na hawa?" Mama Lenzi alikuwa amemgeuza nyuki mmoja kwa ncha ya sindano. "Umeona miguu yake? Vikapu vimejaa. Chavua ya manjano, ileile. Huyu alikufa akiwa kazini." Alisimama akiwa ameshika sindano hewani. "Ajabu."

"Ajabu gani?"

"Kule hakuna nyuki, Inspekta. Hakuna mti, hakuna pango, hakuna maji. Ua lile huchavushwa na inzi na upepo. Nimekwenda mara nyingi, sijawahi kusikia hata mvumo mmoja."

Kobe alisimama taratibu. Aliwaangalia nyuki kwenye karatasi, wale aliowadharau asubuhi kwa sababu kila gari huwa na wadudu wake. Shingo yake ilikuwa imetoka tena.

"Basi kuna mtu aliwapeleka," alisema.

*

Spana aliletwa kutoka mahabusu jioni ile, miguu peku, mkanda umechukuliwa, suruali kaishika kwa mkono. Jicho lake lilikuwa zima kabisa. Kobe aliugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Ngumi huacha weusi. Bomba la moshi huacha kidonda. Lako limevimba siku mbili likapotea kama deni la ndugu. Na hapa kwenye kope pana kidoa kama cha sindano. Nyuki alikuuma mkipakia mizinga."

Spana alitazama sakafu.

"Ndipo ukapiga kelele kwamba utammaliza yeye na nyuki wake."

Spana alipandisha suruali yake.

"Aliazima pikapu yako. Aliondoka nayo kabla ya mapambazuko, akarudi nayo jioni bila mizinga, kisha akachukua pikipiki yake akarudi hukohuko. Kwenye uwanda mweupe, ng'ambo ya vilima."

Spana aliinua kichwa. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Umesema wewe, afande. Shahidi ni ukuta huu. Mimi sijasema!"

"Kwa nini hukusema, mwanamume mzima, unasubiri hakimu?"

"Nimeapa." Alijipangusa kwa bega, maana mkono ulishika suruali. "Wewe huwajui wafuga nyuki. Mtu atakuonyesha hela yake, atakuonyesha jipu lake, hatakuonyesha penye maua. Wakijua wenzake, kesho mizinga ya nchi nzima iko pale. Aliniapisha kwa vichwa vya watoto wangu. Akasema, mtu akikuuliza gari, haijatoka. Mlipoulizia gari, nikasema haijatoka. Kumbe ndiyo mnatafuta maiti! Nikibadili kauli, nani ataniamini? Na mahali penyewe hata mimi hakunitajia. Ningesema kaenda jangwani, mngeniuliza jangwani wapi, ningewaambia nini? Jangwa lina namba ya nyumba?"

"Alisema atarudi lini?"

"Nyuki wakitulia." Sauti yake ilikatika. "Wameshatulia, afande. Zamani. Kapatwa na jambo huyo."

Mkuu alisikiliza habari yote, isipokuwa ni wapi hasa, akiwa anafuta meza yake kwa kitambaa. "Kwa hiyo nimwambie hakimu kwamba ua limesema?"

"Na nyuki, Mkuu."

"Kesho nakupa gari. Jioni ukirudi mikono mitupu, keshokutwa mtu wako anapanda kizimbani, na maua yako utampelekea jela."

Kobe alitaka kuondoka saa ileile. Mama Lenzi alikataa. Jasi iliyonyeshewa, alisema, huwa ngumu juu na tupu chini, kama ukoko wa chungu kilichoungua. Anayepita gizani huzama.

*

Waliondoka alfajiri: Kobe kwenye usukani, Mama Lenzi kando yake, na nyuma Spana na pingu zake, pamoja na mkewe, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa ameambiwa yote. Kwa saa ya kwanza aliangalia barabara tu. Kisha akageuka, akampiga mumewe kofi la bega.

"Na mimi? Hata mimi mkeo?"

"Hasa wewe. Alisema dada yangu akijua, soko zima limejua."

"Kasema hivyo?"

"Mama watoto, niko kwenye pingu. Nina faida gani kukudanganya?"

Vilima vilipanda, vikashuka. Walipotokea ng'ambo, Kobe alisimamisha gari. Mbele yao hakukuwa na kitu. Uwanda ulianzia miguuni mwa kilima ukaenda mpaka mbingu ilipougusa, mweupe, umetapakaa vitu vya kijivu kama kokoto. Hakukuwa na ua wala mzinga. Hapakuwa na hata kivuli cha kumfichia mjusi.

Mke wa Spana aliweka mkono mdomoni. Kobe aliushika usukani kwa nguvu. Alikuwa amemwondoa mtu mahabusu, amemwinua mwanamke huyu kwenye benchi, akamleta kuangalia chaki.

"Mwalimu," alisema, "hapa hakuna kitu."

"Ngoja."

"Tungoje nini?"

"Jua halijapanda vya kutosha. Wewe si Kobe? Ngoja."

Walishuka wakasimama mbele ya gari. Joto lilianza kupanda kutoka ardhini. Kobe alikuwa akitazama kokoto moja karibu na kiatu chake pale alipoiona ikipasuka. Haikuwa kokoto. Petali nyembamba zilitoka, zikanyooka, na moyo wa manjano ukafunuka. Ya pembeni yake ikafuata. Akainua macho.

Uwanda ulikuwa unafunguka. Ulianzia mashariki, kule jua lilikopiga kwanza, ukaja kuwaelekea kama mtu anayekunjua shuka kubwa kuliko nchi. Kijivu kilikuwa kinageuka nyeupe, na nyeupe inawaka manjano kwa chini, na majani yaliyotandaa kati ya maua, yale ya shanga, kila moja likashika jua lake. Macho yaliuma. Hakukuwa na sauti yoyote, na hicho ndicho kilichomtisha Kobe; kazi kubwa kiasi kile, mamilioni kwa mamilioni wanaamka pamoja, na hakuna hata mmoja anayepiga kelele. Alivua kofia. Hakujua kwa nini. Alimwona Spana naye kainamisha kichwa, mikono ya pingu mbele, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada amechelewa.

"Mvua moja tu," Mama Lenzi alinong'ona. "Moja."

Kisha sauti ikaja. Mvumo, mwembamba, ukapita masikioni mwao na kukata. Ukaja mwingine.

Mke wa Spana alikuwa wa kwanza kutembea. Alikulia kwenye nyumba ya mizinga. Alichojua kuhusu nyuki alikijua kabla ya kujua kusoma. Alichuchumaa kando ya ua lililokuwa na nyuki, akasubiri mpaka miguu yake ikawa minene na ya manjano. Nyuki aliinuka, akazunguka mara moja, akaenda.

"Akitafuta hupinda kona," alisema, akimfuata kwa kidole. "Akishiba haangalii pembeni. Anakwenda nyumbani."

Alimtafuta wa pili, wa tatu. Vidole vyake vilielekeza mahali pamoja. Walielekea huko kwa miguu, Mama Lenzi mbele akipima ardhi kwa fimbo, kila mtu akikanyaga alipokanyaga yeye. Nyuma ya mwinuko mdogo walikuta tundu kwenye ukoko wa jasi, na ndani ya tundu, pikipiki, gurudumu la mbele limezama. Kutoka hapo mfuo ulipita katikati ya maua, mpana kama wa mtu anayejiburuta kwa viwiko. Pembeni ya mfuo huo maua yaliyolaliwa yalikuwa yameshainuka tena.

"Kaka!" mke wa Spana alipiga ukelele. "Kaka!"

Mizinga ilikuwa mbele, imepangwa safu, turubai limefungwa kwa juu. Chini ya turubai kulikuwa na pipa la maji, lile ambalo mfuga nyuki huwawekea nyuki wake, vijiti vinaelea juu ili wasizame wakinywa. Kando ya pipa alikuwa amelala mtu. Midomo imepasuka, mguu umefungwa kwa ubao wa mzinga na kamba, na mkononi kikombe cha bati. Nyuki watatu walikuwa wamekaa ukingoni mwa kikombe, wakinywa naye.

Alifumbua macho. Aliwatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, na macho yakaishia kwa Spana.

"Nani kawaonyesha hapa?"

"Sijasema!" Spana alipiga kelele huku analia. "Shemeji, muulize afande, tangu nikamatwe sijasema!"

"Ukamatwe kwa nini?"

"Kwa kukuua wewe, mjinga!" Dada yake alikuwa tayari kapiga magoti, kakishika kichwa chake kifuani, anampiga mgongoni kwa mkono ule ule aliomshikia. "Mshenzi wewe! Maua! Watu wanakuchimbia kaburi, wewe uko kwenye maua!"

Mfuga nyuki aliutafuta uso wa Kobe juu ya bega la dada yake. "Nani, afande?"

Kobe alichuchumaa, akafungua pingu za Spana, akaziweka mfukoni. "Ua," alisema. "Moja lilibaki kwenye rejeta. Tulilitia majini, likazungumza."

Mgonjwa alifikiri kidogo. "Na mliokuja ni hawa tu?"

"Ni hawa tu."

Akafumba macho, akapumua kama mtu aliyeshushwa mzigo.

*

Walirudi mjini jua likiwa bado halijazama, mfuga nyuki kalazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya dada yake na mguu kwenye mapaja ya shemeji. Njia nzima walibishana nani atakwenda kuangalia maji ya nyuki. Walipomfikisha hospitali, Kobe alipiga redio machimboni kuwaambia waache sepetu. Mkuu alitaka kujua amepatikana wapi.

"Jangwani, Mkuu."

"Jangwani wapi?"

"Ng'ambo ya vilima."

"Ng'ambo ya vilima ni nchi nzima, Kobe!"

"Ndiyo, Mkuu. Kubwa sana."

Aliingiza gari uani mwa kituo, akazima injini. Wavu wa mbele ulikuwa mweupe na manjano kutoka taa moja hadi nyingine. Ua moja, lililokuwa limenasa karibu na namba ya gari, lilikuwa linaanza kufunga, petali moja moja, maana jua lilikuwa linashuka na hakuna aliyeliambia kwamba limeng'olewa. Kobe alilichomoa kwa vidole viwili, akalitia ndani ya kofia yake, la kumpelekea Mama Lenzi. Kisha akachukua bisibisi, akalegeza wavu wote, akauweka chini.

Askari wa zamu alikuja mbio, kisha akasimama mbali, kama mtu aliyewahi kuungua.

"Safari hii sijagusa, afande. Naona ni ushahidi."

"Ni ushahidi," Kobe alisema, akamkabidhi brashi. "Anza na rejeta. Hakikisha halibaki hata jani. Kisha osha mara mbili."